Jina Kwanza, Seva Baadaye: Gharama za Tovuti kwa Mfanyabiashara wa Mgogoni

Mtu wa Mgogoni anayetaka tovuti ya nyumba ya wageni, ya ushoni au ya kikundi cha wakulima wa mwani hununua vitu viwili, ingawa wauzaji hupenda kuvifunga pamoja. Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani anayoiandika mteja. Cha pili ni hostingi, nafasi ya kuweka kurasa kwenye seva inayowaka usiku na mchana. Seva huhamika kwa siku moja. Jina likipotea, wateja wanaolijua hupotea nalo. Basi anza na jina.

Kuchagua jina

Kwa biashara ya Tanzania kuna .co.tz, na kwa hoteli ipo .hotel.tz. Majina haya humwambia mgeni mapema kuwa uko nchini, na msajili wa ndani hukuuzia kwa shilingi, mara nyingi kwa malipo ya simu. Jina la .com linajulikana zaidi kwa mgeni wa Ulaya, lakini ukinunua kwa kampuni ya nje mara nyingi utahitaji kadi ya benki.

Kuhusu bei ya .com, kumbuka kipimo hiki. Tangu Septemba 2024 Verisign, kampuni inayosimamia majina hayo, huwatoza wasajili dola 10.26 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 25,000. Anayekuuzia kwa dola 2 anapata hasara mwaka wa kwanza, naye atairejesha unapolipia tena. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa.

Usitegemee jina la bure. Freenom, iliyogawa majina ya .tk bila malipo kwa miaka mingi, iliacha kusajili mapya mwaka 2023 na mwaka uliofuata ikatangaza kujiondoa katika biashara hiyo. Machi 2024 Google nayo ilizima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara. Waliokuwa na jina lao wenyewe walihamisha kurasa tu. Wengine walianza upya kujitambulisha.

Kuchagua hostingi

Kurasa chache zisizobadilika, zenye picha, bei na namba ya simu, zinaweza kukaa bure kwenye huduma ya Cloudflare Pages. GitHub Pages pia ni bure, lakini masharti yake hayaruhusu kuendeshea biashara ya mtandaoni. Njia hii inahitaji kijana anayejua kutengeneza kurasa.

Ukitaka WordPress, mfumo wa kuhariri tovuti mwenyewe, na barua pepe yenye jina lako, chukua hostingi ya kushiriki, ambapo tovuti nyingi hukaa seva moja. Biashara ndogo inatoshwa na hii. Seva binafsi ya kukodi ni ghali zaidi na inataka mtaalamu wa kuilinda. Iache mpaka wateja wakulazimishe.

Linganisha kwa miaka 3. Tuseme kampuni moja inataka dola 2 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kisha dola 9: jumla ni dola 240. Nyingine inataka dola 5 tangu mwanzo bila kupandisha: jumla ni dola 180. Iliyoonekana rahisi imezidi kwa dola 60. Cheti cha usalama kisikuongezee gharama, maana shirika la Let's Encrypt hukitoa bure.

Kabla ya kulipa

Jina lisajiliwe kwa jina lako au la kikundi, na barua pepe ya akaunti iwe yenu wenyewe. Fundi akilisajili kwa jina lake, mkikosana ndiye mwenye mali. Kwa .com, ukiomba msimbo wa kuhamia kwa msajili mwingine, sheria za ICANN, shirika linaloratibu majina ya kikoa duniani, zinamtaka msajili wako wa sasa akupe ndani ya siku 5.

Weka tarehe ya kulipia kwenye simu za watu wawili. Jina la .com likishafutwa na msajili, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa. Baadaye yeyote anaweza kulichukua.

Bajeti ikibana, lipia jina miaka 2 au 3 na uweke kurasa bure. Biashara ikikua utanunua hostingi, na mteja hatahitaji kufundishwa anwani mpya.