Simu Yako Yaacha Kokwa Njiani

Ukitoka mjini Tabora ukashika njia ya Kwihara, utaona miembe mikubwa ya zamani. Nani aliipanda? Wazee husimulia kwamba mingi haikupandwa kwa kusudi. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji walikula maembe, wakatupa kokwa, nazo zikaota. Misafara imekwisha siku nyingi, na reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini hata leo mtu akiitazama miembe hiyo husema: “Walipita hapa, wakapumzika pale.”

Wewe nawe, kila ufunguapo intaneti katika simu yako, waacha kokwa njiani. Ila mpagazi alijua kwamba ametupa kokwa yake, na wewe hujui. Tena nyuma yako wako watu wanaoziokota na kuzihesabu. Hiyo ndiyo kazi yao, nayo yawapa fedha nyingi.

KIDAKUZI NI NINI?

Programu unayotumia kufungulia kurasa za intaneti yaitwa kivinjari. Kurasa zenyewe zinatunzwa katika mashine za mbali ziitwazo seva. Seva ni mtumishi hodari, lakini ni msahaulifu sana. Ukiiomba ukurasa, yakupa. Ukiomba wa pili baada ya dakika moja, yakuona mgeni kabisa.

Mwaka 1994 fundi mmoja wa Marekani, Lou Montulli, aliyefanya kazi katika kampuni ya Netscape, alibuni dawa ya usahaulifu huo. Seva ikikupokea mara ya kwanza, hukipa kivinjari chako maandishi machache, mara nyingi ni namba tu. Kivinjari huyaweka. Siku urudipo, huyaonyesha pasipo kukuuliza, na seva yakutambua. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo kidakuzi.

Chukua mfano wa zahanati. Siku ya kwanza wapewa kadi yenye namba. Siku nyingine waonyesha kadi, na mganga afungua daftari lake: aona ulikuja lini, ukatibiwa nini. Kadi yenyewe haisemi neno. Habari zako zimo daftarini.

Basi tusiseme kwamba vidakuzi vyote ni vibaya. Kidakuzi si virusi, wala hakiwezi kupekua picha zako. Kijana wako akijaza fomu ya kuomba mkopo wa masomo, ni kidakuzi kinachomsaidia asijitambulishe upya kila afunguapo ukurasa. Hicho ni mtumishi mwema.

SHIDA IKO WAPI?

Sasa fikiri kwamba mlangoni pa zahanati ameketi mtu mwingine, si mganga wala mtumishi wa pale, naye ana daftari lake. Akupa namba yake. Jioni waenda dukani: yupo mlangoni. Kesho waenda shuleni kwa mwanao: yupo. Kila mahali asoma namba ile ile na kuandika. Huenda jina lako halijui, lakini baada ya mwezi ajua waumwa nini, wataka kununua nini, na usiku walala saa ngapi.

Mtu huyo ndiye kampuni ya matangazo. Matangazo yake yamebandikwa katika kurasa za watu wengi, na kila tangazo laweza kuleta kidakuzi chake. Hivyo vyaitwa vidakuzi vya watu wa nje.

Utasema: “Mimi ni mkulima wa tumbaku na karanga. Nina siri gani?” Haya, sikiliza. Nyumba nyingi zetu zina simu kubwa moja, na watumiaji wake ni watano. Tuseme mama wa nyumba moja hapa Chemchem amehisi uvimbe katika titi lake. Hajamwambia mtu. Ataka kwanza aende hospitali apimwe, ndipo aseme na mumewe na watoto. Usiku, wote wamelala, achukua simu na kusoma habari za saratani. Kesho yake mwanawe wa miaka kumi na miwili afungua simu ile ile kutazama habari za mpira, na pembeni aona matangazo ya tiba ya saratani. Mtoto ashtuka: “Mama, nani anaumwa?”

Hakuna jirani aliyesengenya. Ni kokwa tu, zimeota. Lakini mama yule amenyang'anywa kitu kilichokuwa mali yake: haki ya kusema mwenyewe, kwa maneno yake, siku aliyoichagua.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kataa bila haya. Kurasa nyingi hukuuliza kama wakubali vidakuzi. Kitufe cha “Kubali zote” mara nyingi ni kikubwa tena chenye rangi ya kupendeza, na cha kukataa kimejificha. Kitafute. Chagua vile vya lazima tu. Mara nyingi ukurasa utafunguka vile vile.

Pili, fagia. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, tafuta neno faragha, ufute vidakuzi na orodha ya kurasa ulizosoma. Hapo hapo waweza kuzuia vidakuzi vya watu wa nje. Kivinjari cha Safari huvizuia chenyewe tangu mwaka 2020, na Firefox huzuia vile vya kufuatilia watu tangu 2019. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa katika Chrome, lakini baadaye ikaacha mpango huo. Kwa hiyo mwenye Chrome afunge mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, ukitumia kompyuta ya dukani au simu ya kuazima, toka kwanza katika akaunti yako, ndipo uondoke. Kufunga ukurasa peke yake hakutoshi. Kidakuzi cha kuingilia chaweza kubaki, na ajaye nyuma yako akazikuta barua zako wazi, kama aliyeachiwa ufunguo mlangoni.

Nne, kipo katika kivinjari chumba kiitwacho hali fiche. Ukisoma humo, ukifunga, simu husahau. Mama yetu yule angalitumia chumba hicho, huenda mwanawe asingaliona neno. Lakini usidanganyike: kampuni ya simu na mwenye ukurasa bado waweza kujua kwamba ulipita.

Tano, vidakuzi si hatari pekee, wala si kubwa kupita zote. Zipo programu za mikopo ya haraka ambazo, kabla ya kukupa shilingi, zaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yako. Ukichelewa kulipa, baadhi yao hutuma ujumbe wa kukuaibisha kwa shemeji, kwa mwalimu, hata kwa katekista. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu ikitaka majina ya jamaa zako, jiulize: yaniuzia fedha, au yanunua heshima yangu?

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu, ya jamaa zake na ya nyumba yake. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ilianza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili 2024. Kwa sheria hiyo waweza kuuliza ni habari zako zipi zimetunzwa, kutaka makosa yasahihishwe, kukataa zisitumiwe kukutangazia biashara, na kupeleka malalamiko mbele ya Tume. Habari za afya ya mtu zimepewa ulinzi wa pekee.

NA SISI JE?

Wasomaji wapenzi, tusiyalaumu makampuni tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2492, yatufundisha kuheshimu maisha ya ndani ya watu. Je, sisi twafanyaje? Ni mara ngapi picha ya mgonjwa kitandani imetumwa katika kundi la WhatsApp kabla jamaa zake hawajajua? Ni mara ngapi mume ameifungua simu ya mkewe kwa hila, au jirani amesambaza habari za binti wa watu? Hapo hakuna kidakuzi. Ni kidole cha Mkristo.

Basi fanyeni hivi. Jioni ya leo, baada ya sala ya familia, leteni simu mezani. Watoto wengi wajua mipangilio kuliko wazazi wao; mwacheni mmoja awaonyeshe. Futeni vidakuzi pamoja, zuieni vya watu wa nje, ondoeni programu msizozijua. Kisha patanani kwamba katika nyumba yenu siri ya mtu haitafunguliwa ila na mwenyewe. Kazi hiyo haitapita nusu saa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.