Sahihi ya Wakili Mlezi

Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipoenea Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine ya Kenya, seli za polisi zilijaa vijana. Punde vijana wengine wakawafuata wakiwa wamevaa suti nyeusi. Hao walikuwa mawakili waliojitolea, baadhi yao wakiwa na miaka michache tu tangu waapishwe. Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK), chini ya rais wake Faith Odhiambo, kiliwahimiza wanachama wajitokeze, nao wakaenda kituo baada ya kituo wakiuliza nani amekamatwa, kwa kosa gani, na atafikishwa mahakamani lini. Hawakulipwa.

Tukio hilo linazaa swali ambalo makala hii inajaribu kulijibu polepole. Wakili kijana yule yule aliyemkumbusha mkuu wa kituo kuwa mtu aliyekamatwa hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, aghalabu hawezi kumwuliza mwajiri wake kwa nini mshahara wa mwezi uliopita haujalipwa. Wala hawezi kuuliza hivyo kwa niaba ya mwenzake wa meza ya pili. Watu wengi hujibu kwamba ni woga. Jibu hilo ni la haraka mno, kwa sababu mtu aliyekuwa mwoga asingekwenda kituoni usiku.

Tuanze na maneno. Mwanagenzi ni mtu aliyemaliza masomo ya sheria na ambaye anajifunza kazi katika ofisi ya wakili kabla ya kuapishwa. Wakili anayempokea tutamwita mlezi. Wakili kijana, katika makala hii, ni aliyekwisha kuapishwa lakini bado yumo katika miaka yake mitano ya kwanza ya kazi. Umri wake wa kuzaliwa hauhusiki, kwani wapo wanaoapishwa wakiwa na wajukuu. Kujitolea nako kuna sura mbili. Sura moja ni kusaidia, yaani kumpa mwenzako maarifa, muda au faraja. Nyingine ni kuwakilisha, yaani kusimama mbele ya mwenye mamlaka na kusema kwa niaba ya wenzako. Sura hizi mbili hutajwa pamoja kama pacha, lakini zinamgharimu mtu tofauti kabisa.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamtaka mtu awe na digrii ya sheria, apite mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na afanye uanagenzi. Kipindi cha uanagenzi ni miezi sita, na mlezi sharti awe wakili mzoefu. Miezi hiyo ikiisha, mlezi hutia sahihi kuthibitisha kwamba mwanagenzi ametimiza muda wake ipasavyo. Bila sahihi hiyo ombi la kuandikishwa haliendi mbele, na bila ombi hakuna siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu.

Akisha kuapishwa, mtu angedhani yuko huru. Hayuko bado. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo hiyo kinamzuia kufungua ofisi yake mwenyewe kabla hajafanya kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili. Sababu ya kifungu hiki ni nzuri: mteja asikabidhi shamba lake kwa mtu ambaye jana alikuwa mwanafunzi. Lakini zipime athari zake kwa upande wa pili. Kwa miaka miwili ya kwanza wakili kijana hawezi kusema, "Basi, naondoka nikajitegemee." Anaweza tu kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, na huyo wa pili atampigia simu wa kwanza amwulize tabia zake. Katika mji kama Nyeri au Malindi, ambako mawakili wanajuana kwa majina na kukutana kila wiki kwenye korido ya mahakama, simu hiyo huenda isihitajike.

Hapa ndipo tofauti kati ya kituo cha polisi na ofisi inapoanza kuonekana. Mkuu wa kituo hatii sahihi kwenye cheti cha mtu yeyote. Hawezi kumchelewesha wakili kuapishwa wala kumharibia sifa kwa mwajiri ajaye. Pengine wakili akibishana naye vizuri, jina lake linapanda. Zaidi ya hayo, haki anayoidai wakili pale kituoni imeandikwa kwa lugha isiyo na utata. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya kuwasiliana na wakili, kinataja na saa 24. Anachotakiwa kufanya ni kusoma tu kwa sauti.

Ofisini, kwa mwanagenzi, hakuna cha kusoma. Na hapa pana jambo ambalo kila nikilifikiria hunichekesha kidogo. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili, inayopanga kwa undani ada ambayo wakili atamtoza mteja kwa kuuza kiwanja, kuandika mkataba wa kukodisha nyumba au kuendesha kesi. Kushuka chini ya kiwango hicho ni kosa. Taaluma, basi, imejiwekea sakafu ya bei kwa ustadi mkubwa. Ila amri hiyo haina neno juu ya kile ambacho wakili atamlipa mwanagenzi aliyeuandika mkataba huo na kuupeleka ofisi ya ardhi kwa matatu. Mwanagenzi mmoja anaweza kupewa posho inayomtosha kodi, mwingine nauli, mwingine shukrani.

Mtu atasema: wanacho chama, chama kiwasemee. Tutazame chama kilivyoundwa. LSK, kwa mujibu wa sheria yake ya 2014, ni chama cha taaluma, nacho kinamkusanya kila wakili. Mwenye ofisi ya mawakili thelathini ni mwanachama, na kijana anayebeba mafaili yake ni mwanachama pia. Kwa hiyo malalamiko ya mshahara yakifika mezani, mlalamikaji na mlalamikiwa wote wawili ni wanachama walipa ada. Baraza la chama huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na viti vyake vimegawanywa hasa kwa mahali: Nairobi, pwani, maeneo mengine ya nchi, na wawakilishi wa wanachama wote. Anayegombea urais lazima awe na sifa za kuteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu, yaani uzoefu usiopungua miaka 15. Hakuna ubaya wa nia katika mpangilio huu. Lakini mtu aliyekaa miaka 15 katika kazi hii kwa kawaida ni mwajiri.

Linganisha na madaktari. Machi 2024 chama chao, KMPDU, kiliitisha mgomo, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa pamoja wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema italipa 70,000. Madaktari wakubwa waligoma pamoja na wadogo hadi Mei. Waliweza, kwa kuwa daktari bingwa wa hospitali ya umma na mwanagenzi wake wote hulipwa kwa fedha za umma. Kumtetea mdogo hakumpunguzii mkubwa hata senti. Kwa mawakili, mkono unaolipa umo ndani ya chama. Pia KMPDU ni chama cha wafanyakazi, chenye haki ya kujadiliana na mwajiri na kugoma. LSK si chama cha namna hiyo.

Kuna ugumu mwingine, na huu nadhani ndio usiotazamwa vya kutosha. Mawakili vijana ni kundi ambalo kila aliyemo yuko njiani kutoka. Mwanagenzi huwa mwanagenzi kwa miezi sita tu. Akichukua miezi miwili kuelewa kasoro iko wapi, na miwili mingine kuwakusanya wenzake, anabakiwa na miwili ya kudai, na kwa wakati huo ndipo anapoihitaji sahihi. Akishaapishwa, tatizo la wanagenzi si lake tena. Baada ya miaka sita au saba anaweza kuwa na ofisi yake, na mwanagenzi wake, na sababu zake nzuri za kutomlipa. Mfanyakazi wa bandari aliye kazini miaka ishirini anajua kwamba nyongeza atakayoipigania mwaka huu ataila mwaka kesho. Mwanagenzi anajua kwamba nyongeza atakayoipigania wataila wengine asiowajua.

Kura nazo hazimsaidii sana. Wakili kijana ana kura moja sawa na mkongwe, na mawakili wapya huongezeka kila mwaka, kwa hiyo wagombea huwatembelea na kuwaahidi mengi. Mwanagenzi, kwa upande wake, hana kura kabisa, kwani si wakili bado. Aliye na shida kubwa kuliko wote ndiye asiyehesabiwa.

Turudi sasa kwenye sura ile ya kwanza ya kujitolea, kusaidia. Hii inafanya kazi vizuri, tena kimyakimya. Kijana aliyefungua kesi mara kumi katika mfumo wa kielektroniki wa mahakama anamwelekeza aliyekwama mara ya kwanza. Makundi ya WhatsApp huzungusha mifano ya hati, majina ya makarani wenye subira, na tahadhari juu ya ofisi ambazo wanagenzi hukaa miezi sita bila kuona mahakama. Wengine huandaa semina ambazo huwapatia wenzao alama za mafunzo endelevu zinazohitajika ili leseni ya mwaka itolewe. Wapo wanaokaa na mwenzao aliyekosea tarehe ya kesi na anayeamini kuwa kazi yake imekwisha. Hakuna kati ya haya linalohitaji ruhusa ya mkubwa, wala linalomgusa mfukoni.

Ila angalia kile ambacho msaada huu unakusanya bila kukusudia. Watu mia wakiambiana kwa siri wanacholipwa, tayari ni takwimu. Na takwimu ina sifa moja ambayo mwakilishi hana: haihitaji sahihi ya mtu yeyote. Tanzania ilipata mfano Oktoba 2022, yalipojulikana matokeo ya Shule ya Sheria: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Kwa miaka mingi wanafunzi walinung'unika mmoja mmoja, na aliyenung'unika peke yake alionekana mvivu anayetafuta kisingizio. Tarakimu hizo tatu zilipotoka hadharani, waziri mhusika aliunda kamati ya tathmini ikiongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Mjadala ulihama kutoka kwa mwanafunzi mmoja ukaenda kwa mfumo wa elimu ya sheria, kuanzia vyuo vikuu.

Tukiziunganisha hatua hizi, hukumu yangu ni hii. Kuwahimiza mawakili vijana wajitokeze zaidi kuwawakilisha wenzao, huku mpangilio wa sahihi ukibaki ulivyo, ni kuwatuma mbele bila ngao. Tatizo halitokani na uhaba wa wanaojitolea. Juni 2024 ilionyesha kwamba wapo. Kinachohitaji kubadilika kwanza ni uthibitisho wa uanagenzi: mlezi anayekataa kutia sahihi atakiwe kueleza sababu zake kwa maandishi mbele ya chombo kingine, na mwanagenzi apate pa kukata rufaa kabla muda wake haujapotea. Hilo ni badiliko dogo la kanuni, na halimgharimu mlezi mwema chochote.

La pili ni kumpa mwakilishi wa vijana kiti ndani ya baraza, chenye kura, na wanagenzi wahesabiwe katika kumchagua hata kama hawana kura nyingine yoyote. Kamati za ushauri zina faida yake, lakini kamati hushauri na baraza huamua. Na kwa kuwa mwenye kiti hicho ataondoka baada ya miaka miwili, kazi yake ya kwanza iwe kufungua daftari la malipo ya wanagenzi, ofisi kwa ofisi, bila majina ya waliotoa habari, na kumkabidhi atakayemfuata. Majina ya ofisi, kwa maoni yangu, yaandikwe.