Meli ya usiku Bukoba–Mwanza: Ukimchukua mzee, panga kwa mwendo wake

KWA mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mutukula kila wiki, safari ni jambo la mazoea. Anajua saa ya kufika mpakani, anajua pa kula, na akikosa kitanda hujinyoosha juu ya marobota yake hadi kunakucha. Mazoea hayo ndiyo humponza siku anapoamua kuwapandisha wazazi meli kwa mara ya kwanza. Huwapangia wazee safari kwa kipimo cha mwili wake.

Sababu za safari hizo ni nyingi: harusi ya mjukuu, rufaa ya Hospitali ya Bugando, au mtoto kutaka tu mama apumzike na jembe. Barabara ipo, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hakuna tena foleni ya kivuko. Lakini saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha basi si mchezo kwa mtu mwenye magoti mabovu. Melini mzee hulala, hunyoosha miguu na kwenda msalani bila kumwomba dereva asimame.

Meli yenyewe, MV Victoria, ni kumbukumbu ya ujirani. Iliundwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ikihudumia bandari za nchi zote tatu zinazozunguka ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, ilibaki Tanzania. Ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Hofu isipuuzwe

Kabla ya tiketi, kuna mazungumzo ambayo vijana wengi huyakwepa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Kagera na Mwanza ni vigumu kumpata mzee ambaye hakumpoteza ndugu, jirani au mteja. Mzee akisema “meli siitaki”, huo si ushamba. Anakumbuka misiba.

Jibu la hofu hiyo ni kumweleza ukweli. Meli ile ilijaza kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha yoyote, ndiyo maana hata hesabu ya waliokufa ina utata hadi leo. Kwa hiyo hakikisha tiketi ya kila mzee ina jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Mkiingia, muulize baharia jaketi okozi ziko wapi, na mzee avae moja ajaribu, hata kama wengine watacheka. Mkiona watu wamezidi, shukeni. Nauli hurudi kwa kazi.

Na kama baada ya hayo yote mzee bado anakataa, mpeleke kwa basi. Safari ya furaha hailazimishwi.

Chumba kwanza, mizigo baadaye

Mfanyabiashara aliyezoea daraja la tatu huona chumba ni anasa. Kwa mzee, chumba ndicho safari yenyewe. Omba kitanda cha chini, maana cha juu kina ngazi, na ngazi usiku chombo kikiyumba ni ajali inayosubiri. Uliza pia choo kiko umbali gani, na kama njia ina vizingiti vya chuma. Wazee wengi hutumia dawa za presha zinazowaamsha kukojoa mara kwa mara. Tochi ndogo na viatu visivyoteleza vina maana kuliko sanduku jipya.

Fika bandarini mapema, kabla msukumano wa makuli na mikungu ya ndizi haujaanza. Hapa ndipo biashara na familia hugongana. Anayetaka kuwasindikiza wazazi huku akihesabu magunia hatafanya lolote vizuri. Mzigo na uende safari nyingine, au apewe mwenzako.

Ziwa Victoria hujulikana kwa radi na dhoruba za usiku. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla, na uthibitishe bandarini kama meli inaondoka, kwani ratiba hubadilika. Dawa za kuzuia kichefuchefu zisinunuliwe kiholela. Baadhi huwaletea wazee usingizi mzito au kuchanganyikiwa. Daktari aulizwe. Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hati na chanjo

Kwa familia inayotoka Masaka au Kampala, kazi huanza mapema zaidi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka baina yao kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Mzee apatiwe pasipoti au hati ya muda wiki kadhaa kabla. Vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka 50 mara nyingi havisomeki kwenye mashine, na hilo humrudisha ofisini zaidi ya mara moja.

Chanjo ya homa ya manjano nayo si ya kuchomwa harakaharaka mpakani. Cheti sasa hudumu maisha, hivyo kwanza tafuta cha zamani kabatini. Kama hajawahi kuchanjwa na ana miaka 60 au zaidi, hatari ya madhara makubwa ni kubwa kuliko kwa kijana, na daktari ndiye wa kuamua.

Mkifika Mwanza alfajiri, msikimbilie kushuka. Watu wenye haraka watangulie. Wazee wakae wanywe chai, waone Mwamba wa Bismarck ukitokeza majini, kisha washuke taratibu wakishikwa mkono. Siku hiyo ya kwanza usiwapangie ziara wala kikao cha ukoo. Wapumzike, wale sato, na ratiba ianze kesho yake.