Meza Iliyofurika: Kupanga na Kuamsha Programu Nyingi (Sehemu ya Tatu)

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, katika sekretaria moja, yaani duka la kuchapa kazi, hapa Kimemi mjini Butembo. Mwanafunzi alisimama nyuma ya mwenye mashine, flashi mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua TFC yake, kazi ya mwisho wa masomo, iliyochapwa kwa siku nne mfululizo. Nje jenereta ilinguruma, na kila aliyekuwa ndani alijua mafuta yake yanahesabika. Mwenye mashine alisogeza kipanya huku na huku juu ya skrini iliyojaa ikoni kutoka ukingo hadi ukingo. Akafungua "TFC final". Siyo. Akafungua "TFC final vrai". Siyo. "TFC corrigé 2" ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Papa, niliomba uiandikie jina langu," kijana alisema taratibu.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Iko hapa hapa."

Ilikuwa hapo kweli. Ilijificha kati ya ikoni ya VLC na ile ya printa, ikiitwa "Document1". Lakini kabla haijanakiliwa kwenye flashi, jenereta ilikohoa mara mbili, ikazima. Kijana akaondoka mikono mitupu, na kesho yake asubuhi alipaswa kuwa mbele ya mwalimu wake.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliangalia kibodi ya AZERTY, kisha flashi na virusi vyake. Leo nataka tukae na uso wa kompyuta wenyewe: kwa nini unajaa, na namna ya kuamsha programu kumi au ishirini bila kuzitafuta kwa macho kama mtu anayetafuta sindano sokoni. Katika mji ambao kwa miaka mingi umekua kwa jenereta na mabamba ya jua, dakika tano za kutafuta ikoni ni dakika tano za mafuta, na anayezilipa ni mteja.

Katika Windows ya Kifaransa tunayoitumia hapa, uso huo unaitwa Bureau, nasi tunasema biro. Kiswahili cha vitabu husema eneokazi. Majina yote mawili yanatoka kwenye picha moja: meza ya karani. Picha hiyo ilichorwa na watafiti wa kampuni ya Xerox huko California. Walianza na mashine iliyoitwa Alto mwaka 1973, kisha mwaka 1981 wakauza nyingine iliyoitwa Star. Kwenye skrini ya Star kulikuwa na karatasi, makabrasha na kikapu cha barua, vyote kwa michoro midogo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa: mtumiaji wa Star hakuamsha programu. Alifungua karatasi, na kifaa cha kuishughulikia kikaja chenyewe. Meza ilibeba kazi tu, zana zilikaa chini yake bila kuonekana.

Mpango huo haukudumu. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuwa na dirisha maalumu la kupangia programu kwa makundi, na dirisha jingine, mbali nalo, la kusimamia mafaili. Halafu tarehe 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95, na kila kitu kikaja kulala juu ya uso mmoja: barua, picha, kabrasha, na vijia, yaani ikoni za kuitia programu. Hapo ndipo zana na karatasi vilipowekwa meza moja. Windows 95 hiyo hiyo ilituletea kitufe cha Démarrer, neno tulilokwisha kulijua kwa pikipiki zetu. Mtu anayejua kudemare pikipiki asubuhi yenye baridi ya Butembo anaelewa mara moja kwamba kitufe hicho ndicho mahali pa kuwashia kazi, si ile bahari ya ikoni iliyotanda juu yake.

Waliotengeneza Windows waliona uchafu huo mapema. Katika Windows XP ya mwaka 2001 waliweka msaidizi aliyejitokeza kila baada ya siku 60 akiomba ruhusa ya kukusanya vijia visivyotumika na kuvifungia kwenye kabrasha moja. Nakumbuka watu wakimfukuza kwa kubonyeza "Annuler" bila hata kumsoma. Nadhani walikuwa na sababu, ingawa hawakuijua.

Sababu hiyo ilikwisha kuelezwa. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Thomas Malone, alichapisha utafiti kuhusu namna watu wa ofisini wanavyopanga meza zao. Aliona kwamba karatasi iliyoachwa juu ya meza mara nyingi haikuachwa kwa uvivu. Mwenyewe ameiacha ili imkumbushe. Akiifungia kabatini, kazi yenyewe itasahaulika. Ukielewa hilo utaacha kumlaumu mwenye sekretaria. "Document1" imebaki usoni kwa sababu mteja bado hajalipa nusu ya pili. Ankara ya mfanyabiashara wa mbao imebaki usoni kwa sababu atarudi kubadilisha bei. Uso wa kompyuta umekuwa daftari la madeni. Ndiyo maana kila anayekuja na kuufagia kwa nguvu huacha hasara nyuma yake, na baada ya majuma mawili uso umejaa tena. Kwanza mpe mtu mahali pengine pa kukumbukia, ndipo umwombe asafishe.

Hapa wafanyabiashara wetu wanaweza kutufundisha zaidi kuliko mafundi. Nenda kwa muuza vitenge mjini. Mlangoni ananing'iniza kipande kimoja cha kila aina. Marobota yako depo, mtaa wa nyuma, chini ya kufuli. Mteja akikipenda kipande, kijana anatumwa depo. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayemwaga marobota yote kizingitini. Kwenye kompyuta, kipande kile cha mlangoni ndicho kijia, kile Wafaransa wanachokiita raccourci, na robota ni programu yenyewe, iliyohifadhiwa ndani ya diski.

Utakitambuaje kijia? Tazama pembe ya chini, kushoto kwa ikoni. Ukiona mshale mdogo, hicho ni kipande tu. Kifute, programu itabaki salama. Usipoona mshale, simama. Hilo ni faili lenyewe, robota lililoachwa mlangoni. Ukilifuta litakwenda Corbeille, na ukilifuta huku umebonyeza kitufe cha herufi kubwa (Shift), halitapita hata huko. Nimeona wanafunzi wakifuta TFC zao kwa kudhani wanafuta kijia, na nimeona wengine wakinakili kijia kwenye flashi wakidhani wamebeba kazi yao. Wanafika chuoni, wanakifungua, hakuna kitu: wamebeba kipande cha kitenge, robota limebaki Kimemi.

Mshale huo huo una upande wa pili, na wasomaji wa sehemu iliyopita wataukumbuka. Kuna virusi vya flashi vinavyoficha makabrasha yako na kuweka vijia vyenye majina yale yale. Ukiona makabrasha ya flashi yako yote yameota mishale, usiyabonyeze. Kazi yako bado iko ndani, imefichwa tu.

Tuje kwenye kuamsha. Njia ya kwanza haihitaji ikoni hata moja. Bonyeza kitufe chenye dirisha la Windows, kisha andika herufi mbili au tatu za jina, kwa mfano "exc", halafu Entrée. Excel inafunguka. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 njia hii inafanya kazi vizuri, hata kwa mtu mwenye programu hamsini. Macho hayatafuti chochote, vidole ndivyo vinavyokumbuka.

Njia ya pili ni ya programu unazozigusa kila saa. Zifunge kwenye ule mwambaa wa chini ya skrini: bonyeza ikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuipachika huko. Zile tisa za kwanza kuanzia kushoto zinapata namba zake zenyewe. Kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha 1 kinaita ya kwanza, cha 2 ya pili, na kuendelea. Kwenye kibodi yetu ya AZERTY watu hudhani lazima waongeze kitufe cha herufi kubwa ili kupata namba. Hapana, bonyeza tu kitufe cha safu ya juu kilivyo. Ushauri wangu kwa sekretaria ni huu: ya kwanza Word, ya pili Excel, ya tatu kisomeo cha PDF, ya nne dirisha la printa, na usibadilishe utaratibu huo hata mfanyakazi akibadilika. Anayepokea zamu atakuta zana pale pale.

Njia ya tatu naipenda lakini naitahadharisha. Ukifungua Propriétés za kijia, utaona sehemu ya kuandika vitufe vya haraka, na Windows itakuwekea Ctrl na Alt pamoja na herufi uliyochagua. Sasa, kwenye AZERTY kitufe cha AltGr ni sawa na Ctrl na Alt vikibonyezwa pamoja. Ukimpa mtu Ctrl, Alt na E kwa ajili ya Excel, siku atakapotaka kuandika alama ya yuro, Excel itamrukia usoni. Kaa mbali na E, na kaa mbali na namba, maana sifuri ndiyo inayotupatia ile alama ya anwani za barua pepe.

Mara nyingine unataka programu mbili ziamke kwa pamoja, kwa kuwa kazi moja inazidai zote. Mwanafunzi wa uchumi anayepanga majedwali yake anahitaji Word na Excel kila jioni. Fungua Bloc-notes, andika mstari wa kwanza "start winword", wa pili "timeout /t 15", wa tatu "start excel". Hifadhi kwa jina "kazi.bat", ukiwa umechagua "Tous les fichiers" mahali pa aina ya faili. Ukilibonyeza mara mbili, Word inaamka, mashine inapumzika sekunde 15, kisha Excel inafuata. Sekunde hizo si za urembo. Kompyuta nyingi hapa zilikwisha kufanya kazi kwingine kabla hazijatufikia, zina kumbukumbu ndogo na diski za zamani. Ukiziita programu zote kwa mkupuo, diski inahangaika kuzisoma zote, na hakuna inayomaliza.

Kwa sababu hiyo hiyo angalia zinazojiamsha zenyewe bila kuitwa. Bonyeza Ctrl, kitufe cha herufi kubwa na Echap kwa pamoja, nenda kwenye Démarrage, uzime zisizo na kazi. Dawa ya virusi iache iwake.

Zimebaki zile kazi za wateja, na hapa ndipo penye uzito. Uso wa kompyuta ni kabrasha kama makabrasha mengine, na kwa kawaida linaishi ndani ya diski C, pamoja na Windows. Siku mashine inapogoma na fundi akasema "tuformate", anafuta C, na uso wote unakwenda nayo. Najua sekretaria moja iliyopoteza kazi za muhula mzima kwa namna hiyo, na fundi hakuwa amedanganya mtu: aliulizwa kama kuna kitu kwenye C, akaambiwa hakuna, zote ziko "hapa kwenye biro". Tengeneza kabrasha la wateja kwenye sehemu ya D. Ndani yake weka kabrasha la kila mwezi, na ndani ya mwezi kila mteja kwa jina lake. Usoni bakiza kijia kimoja tu cha kukupeleka huko. Zile kazi zenye deni au marekebisho ziweke kwenye kabrasha moja liitwalo "Bado", ulifungue kila asubuhi. Hilo ndilo daftari lako jipya la kumbukumbu. Tena ujue kwamba C na D mara nyingi ni diski moja iliyogawanywa. Diski ikifa, zote mbili zimekufa, kwa hiyo nakala nyingine iwe nje ya mashine.

Kwa ndugu zetu wa upande wa Beni, ambako tangu Oktoba 2014 familia nyingi zimelazimika kukimbia mauaji, mara nyingine kwa usiku mmoja, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Kompyuta ya mezani haibebeki kichwani. Orodha ya wanafunzi wa shule nzima inaingia kwenye flashi inayotosha mfukoni.

Yule kijana wa TFC alirudi asubuhi mafuta yalipopatikana, akanakili "Document1" yake, akafika kwa mwalimu akiwa amechelewa saa mbili. Wenye sekretaria, nawaomba jambo moja kabla ya sehemu ya nne, itakayohusu nakala za akiba: mteja anapoketi, kabla hamjachapa neno la kwanza, hifadhini faili kwa jina lake.