Ng'ombe Anapovimba Ubavu wa Kushoto

Ndugu mfugaji, leo tutazungumza juu ya ugonjwa usiokupa nafasi ya kulala ukaamua kesho. Asubuhi umemfungulia ng'ombe wako akiwa mzima kabisa. Saa nne mtoto anakuja mbio kukuambia ng'ombe amevimba. Saa sita ng'ombe yuko chini, na jirani mmoja ameanza kunoa kisu. Ugonjwa huo ni kujaa gesi tumboni, na wengine huuita kuvimbiwa.

Mtu akiona ng'ombe anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, anageuka kutazama ubavu wake, analala na kuinuka mara kwa mara, atasema tu, "Anaumwa tumbo." Ni kweli anaumwa. Lakini swali la kwanza ambalo bwana mifugo atakuuliza ni hili: upande gani? Basi simama nyuma ya ng'ombe, utazame kule kilipo kichwa chake. Mkono wako wa kushoto ndio upande wake wa kushoto. Sasa angalia kile kibonde kilichopo nyuma ya ubavu wa mwisho, mbele ya mfupa wa nyonga, chini kidogo ya uti wa mgongo. Kwa ng'ombe mzima kibonde hicho huwa kimebonyea, na akiwa na njaa hubonyea zaidi. Kibonde cha kushoto kikijaa mpaka kikawa sawa na mgongo, au kikaupita, na ukikigonga kwa vidole kinalia kama ngoma, ujue gesi imejaa.

Mbona iwe kushoto? Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na chumba kikubwa kuliko vyote, yaani tumbo kuu, kimekaa upande wa kushoto. Kwa ng'ombe mkubwa huingia humo zaidi ya lita 100, yaani nusu pipa na zaidi. Majani hukaa humo yakichachuka kama pombe inavyochachuka mtungini, na vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Pombe ikichachuka hutoa gesi, na tumbo nalo ni hivyo hivyo. Ng'ombe mkubwa aliyeshiba anaweza kutoa lita 30 hadi 50 za gesi kwa saa moja. Gesi hiyo hutoka kwa mdomo anapopiga mbweu, wala husikii kelele yoyote. Njia hiyo ikizibika, gesi haina pa kwenda. Tumbo huvimba, huyasukuma mapafu na kuubana moyo, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo ukimwona anapumua kwa mdomo wazi, ulimi nje, mate yanamtoka, usingoje.

Kuna aina mbili za kuvimba huku, na tiba zake hazifanani.

Aina ya kwanza ni ya povu. Hii humpata ng'ombe aliyekula kwa wingi majani machanga ya jamii ya mikunde, hasa yakiwa na umande au yamenyeshewa: lusina, majani ya maharage, kunde na mengine ya jamii hiyo. Nafaka iliyosagwa laini mno huweza kuleta shida hiyo hiyo. Gesi hunaswa ndani ya povu, mfano wa povu la sabuni, na ng'ombe hawezi kuibeua. Aina hii ndiyo inayoweza kuwaangusha ng'ombe wawili au watatu wa boma moja kwa siku moja, kwa sababu wote wamekula chakula kimoja. Watu husema wamerogwa. Hebu kwanza nenda katazame walikolishwa.

Aina ya pili ni gesi tupu, isiyo na povu. Hapa mara nyingi koo limezibwa na kokwa la embe, kiazi kizima, gunzi la hindi au kipande cha muhogo. Huyo utamwona amenyoosha shingo, anakohoa, mate yanachuruzika, na pengine utaona uvimbe shingoni. Kama ng'ombe anavimba na kupungua, kisha anavimba tena wiki hadi wiki, fikiria mifuko ya plastiki na kamba za nailoni tumboni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 1917 ukijumlisha miaka 100, yaani 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019, lakini takataka za plastiki bado zipo majalalani na ng'ombe anaziokota.

Sasa tufanye nini? Kwanza mtume mtu kwa bwana mifugo, au mpigie simu, papo hapo. Usianze kujaribu dawa za kienyeji ndipo umkumbuke. Wakati unamngoja, mwondoe ng'ombe penye majani hayo. Msimamishe mahali penye mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu na ya nyuma chini, ili gesi ipande kuelekea kooni. Chukua kijiti laini, kinene kama mpini wa jembe, umfunge mdomoni kwa kukipitisha upande hadi upande kama lijamu ya punda, kamba ikizunguka nyuma ya pembe au masikio. Atakitafuna, atatoa mate, na kutafuna huko humsaidia kubeua. Kama anaweza kutembea, mtembeze polepole.

Kama ni povu, mnyweshe mafuta ya kula: ya alizeti, ya pamba, ya karanga, yoyote yaliyopo jikoni. Ng'ombe mkubwa nusu lita, ndama mkubwa robo lita, mbuzi au kondoo mililita 50 hadi 100. Mafuta hulivunja povu, na gesi ikapata kutoka. Ukisha kumnywesha, mkande ubavu wa kushoto kwa ngumi ili mafuta yachanganyike. Maduka ya dawa za mifugo yanauza pia dawa maalumu ya kuvunja povu. Aliye na ng'ombe wa maziwa afadhali awe nayo chupa moja nyumbani. Mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari yaache kabisa.

Namna ya kunywesha ni jambo kubwa, maana ng'ombe wengi hufa kwa dawa iliyoingia mapafuni wala si kwa ugonjwa wenyewe. Tumia chupa ya plastiki. Ingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, mahali pasipo na meno. Kichwa kisiinuliwe juu kupita usawa wa mgongo, wala usimvute ulimi. Mimina kidogo kidogo, mwache ameze. Akikohoa, acha mara moja na ukishushe kichwa. Na kama koo limezibwa, usimnyweshe kitu chochote, wala usisukume kwa fimbo, utalipasua koo. Huyo ni wa bwana mifugo na mpira wake wa kupitisha tumboni.

Najua mnangoja niseme juu ya kutoboa. Kutoboa ni kazi ya mwisho kabisa, kwa ng'ombe aliyekwisha anguka na anakata roho. Kifaa chake ni chuma chenye ncha kali ndani ya mrija, nacho hutobolewa upande wa kushoto tu, katikati ya kibonde kile tulichokitaja, ncha ikielekezwa kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Chuma hutolewa, mrija hubaki, gesi hutoka polepole. Penye povu zito mrija huziba. Mwombe bwana mifugo akuonyeshe mahali penyewe ng'ombe akiwa mzima, wala si siku ya msiba. Na mtu yeyote asiwashe sigara wala moto karibu, kwa kuwa sehemu ya gesi hiyo ni methani, nayo inawaka.

Kabla ya hayo yote, kinga ni rahisi. Mpe ng'ombe nyasi kavu au mabua kwanza asubuhi, ndipo umpe mikunde. Mikunde iliyokatwa iache inyauke kwanza, na isizidi theluthi moja ya chakula chote. Usilishe penye umande. Viazi na maembe vikatekate. Unapobadilisha chakula, badilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili.

Upande wa kulia nao una habari zake. Ng'ombe mwenye mimba kubwa hujaa kulia, na ukisukuma kwa ngumi chini ya ubavu huo utamgusa ndama. Hiyo si maradhi. Ng'ombe anayesimama amekunja mgongo, viwiko vimetanuka, anaguna akiteremka kilima, huenda amemeza msumari au waya. Kitu hicho hukaa katika chumba cha pili, jirani na moyo, na kinaweza kuuchoma. Huyo usimtembeze hata hatua kumi.

Tena kuna hili. Ng'ombe ukimkuta amekufa ghafla na amevimba, usiseme upesi kwamba ni gesi. Mzoga wowote huvimba. Tazama pua, mdomo na njia ya haja kubwa. Ukiona damu nyeusi isiyoganda, hicho huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Usimchune, usimpasue kutazama tumbo, usigawe nyama hata kama majirani wamekwisha leta sufuria. Zuia mbwa na watoto, na umwite bwana mifugo aje kusimamia kufukia au kuchoma mzoga ukiwa mzima vivyo hivyo.