Baridi Yabisi ya Uti wa Mgongo: Tiba na Tahadhari

Mkulima wa alizeti mkoani Singida aumwapo kiuno, jembe hulaumiwa kwanza. Hata hivyo, maumivu yaliyoanza kabla ya umri wa miaka 45, yakadumu zaidi ya miezi 3, yakazidi alfajiri na kupungua mwili unapofanya kazi, huweza kuashiria baridi yabisi ya uti wa mgongo. Penye homa, kukonda au jasho la usiku, kifua kikuu cha mgongo kichunguzwe kwanza.

Msingi wa tiba ni mazoezi ya kila siku, si kulala kitandani, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki chini ya uangalizi, maana zaweza kudhuru tumbo na figo. Maumivu yasipotulia, mgonjwa apewe rufaa kwa bingwa. Sindano za kudhibiti kinga hutolewa baada ya kupima kifua kikuu kilichojificha, kwani zaweza kukiamsha.