Siku ya Kufuata Mshahara

Kwingine duniani watumishi wa serikali wanavutana na wakubwa wao wafanyie kazi nyumbani siku ngapi kwa wiki. Kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, swali ni lingine, nalo limenikaa kooni: siku ambayo mwalimu wa Kabambare anaacha darasa ili afuate mshahara wake, Leta, yaani serikali, inaihesabu siku ya kazi au utoro?

Mwaka 2011, Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, akiwa waziri wa fedha, mishahara ilianza kupitia benki. Nia ilikuwa njema, maana zamani pesa zilishuka mkono kwa mkono na kila mkono ukimega. Ila benki hazikufika vijijini. Kwa walimu wa mbali, Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, ikapewa kazi ya kubeba noti.

Msikilize mwalimu, habari yake utaisikia shule baada ya shule. Atakwambia kwamba habari ya malipo ikifika, anakopa kwanza nauli ya pikipiki, deni la kulipwa kwa mshahara ambao hajaushika. Mvua ikinyesha, anashuka kwenye tope na kusaidia kusukuma. Penye daraja la miti iliyooza anavuka kwa miguu. Akifika penye malipo, foleni. Pengine noti zimekwisha, alale kwa ndugu. Pengine jina limekosewa kwenye orodha ya malipo, aambiwe arudi mwezi ujao, na deni la nauli liko pale pale. Kama njia yake ni ya Salamabila, anarudi akimwomba Mungu asikutane na wenye silaha.

Nyuma yake mwenzake amechanganya madarasa mawili, au watoto wamekwenda shamba. Hao ndio watoto waliojaa shuleni tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019.

Tarehe 6 Aprili 2020, korona ilipoifunga Gombe, mtaa wa wizara jijini Kinshasa, watumishi wengi wa wizara walibaki nyumbani, wala sikusikia wakiitwa watoro. Mwalimu wa kijijini kosa lake nini?

Wengine wanasema dawa ni pesa za simu. Lakini mtandao haujafika kila kijiji, na wakala asiye na noti atamlipa nani?

Serikali iandike kwenye kanuni zake: siku za kufuata mshahara ni siku za kazi, na nauli ya safari hiyo ilipwe na Leta.